Kompyuta Iliyokwama Katikati ya Kusasishwa, na Jinsi Tulivyoiponya Nyabugogo



Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike somo lenye faida juu ya kompyuta, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale wanaotunza chumba cha kompyuta cha shule. Nilifikiri sana niandike nini. Mwisho nimeona ni heri nieleze jambo lililotupata nyumbani kwetu Nyabugogo katika likizo ya Krismasi ya mwaka 2025, maana ndani yake mna somo zima, na wengi wenu mnafanya kazi kwa laptopu ambazo siku moja zitawafanyia vivyo hivyo.

Baba mdogo ana duka la jumla la vyombo vya plastiki, hatua chache kutoka kituo kikuu cha mabasi, kile tunachokiita gare. Mabasi ya Musanze, Rubavu, Huye na Rusizi huanzia pale. Wachuuzi wa mikoani hushuka asubuhi na mikono mitupu, na kabla ya jioni wanapanda tena na ndoo, mabeseni na madumu yaliyofungwa kamba. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini pale bondeni hakikuingoja sheria. Madereva na wachuuzi walikuwa wakikisema tangu zamani.

Katika duka hilo iko laptopu moja, nayo inafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni stakabadhi za kodi. Nchini kwetu mfanyabiashara hutoa stakabadhi za EBM, mpango ulioanza na mashine ndogo mwaka 2013, na siku hizi wengi huutumia kama programu ndani ya kompyuta. Stakabadhi hizo hupelekwa kwa mamlaka ya mapato kwa njia ya intaneti, kwa hiyo zilizokwisha kutolewa hazikututia hofu. Kazi ya pili ndiyo iliyotutia hofu. Baba mdogo huandika madeni ya wateja wake katika faili moja ya Excel, na wateja wa mkopo wanapata sitini. Hana daftari lingine. Faili ile ikipotea, atakayelipa ni yule mwenye kumwogopa Mungu tu.

Basi, mashine ile ilikuwa ikitumia Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu miezi mingi kabla ya hapo kompyuta zilikuwa zikionyesha tangazo la kumwalika mwenyewe ahamie Windows 11. Jioni ya Jumatatu tarehe 29 Desemba kijana wa dukani alichoka na tangazo lile. Akabonyeza kukubali, akaacha mashine kwenye chaja, akafunga duka, akaenda zake. Usiku umeme wa Cash Power ukaisha, maana siku zile za sikukuu hakuna aliyekumbuka kununua mwingine. Betri ya laptopu ilikuwa nzee. Mashine ikazimika katikati ya kazi.

Palipokucha tulinunua umeme, tukaiwasha. Alama ya Windows ikatokea, vidoti vikazunguka, maandishi yakasema kwamba mabadiliko yanarudishwa, kioo kikawa cheusi, mashine ikajizima na kujiwasha. Alama ile ile tena, vidoti vile vile, maandishi yale yale. Siku mbili kabla ya Mwaka Mpya, na mlangoni wateja wanangoja stakabadhi! Wawili waliokuwa na basi la mapema waliondoka wakaenda duka la jirani.

Baba mdogo akamwita fundi wa ujia wa pili. Fundi akaitazama mashine kwa muda usiozidi dakika mbili.

"Mzee, Windows imekufa," akasema. "Tupige fomati, tuweke mpya. Elfu kumi na tano, na saa nane mashine yako iko tayari."

"Na madeni yangu?"

"Yalikuwa humu ndani?"

"Humo humo."

"Hayo usahau, mzee. Labda uwe na nakala."

Nakala ilikuwapo, kwenye flashi, lakini ilikuwa ya mwezi wa Agosti. Baba mdogo akanigeukia mimi. "Na wewe, huko shuleni wanakufundisha nini?"

Nikamwambia, "Baba, nipe mpaka saa sita."

Simlaumu fundi yule. Yeye hulipwa kwa kila mashine anayoimaliza, na kupiga fomati ni kazi ambayo muda wake unajulikana. Kutafuta chanzo cha ugonjwa ni kazi ambayo haijulikani itakwisha lini. Lakini dawa yake ilikuwa sawa na kubomoa nyumba kwa sababu kitasa cha mlango kimekwama. Ili mwone kwa nini nasema hivyo, sina budi kueleza kwanza jinsi kompyuta inavyojisasisha.

Kusasisha mfumo endeshi si kama kumwaga maji ya zamani na kutia mapya katika ndoo ile ile. Mashine hupakua faili mpya kutoka kwenye intaneti, huzikagua kama zimefika salama, kisha huziweka kando ya zile za zamani bila kuzigusa za zamani. Wakati wote huo unaweza kuendelea na kazi yako. Ndipo inapoomba iwashwe upya, na kabla Windows haijaamka vizuri, ya zamani huhamishiwa katika folda iitwayo Windows.old, na mpya huchukua mahali pake. Likitokea kosa katikati, mashine hujaribu kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ilikotoka. Kwa hiyo karibu wakati wote mifumo miwili, wa zamani na mpya, imelala pamoja ndani ya diski, na barua zako, picha zako na mahesabu yako yamo katika folda yake mwenyewe, ambayo kwa kawaida hailengwi na shughuli hiyo. Mashine iliyokwama aghalabu haijapoteza kitu. Imesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje.

Nasema "kwa kawaida" kwa makusudi. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10, na baada ya siku chache tu ikalisimamisha, kwa sababu watu kadhaa waliolipokea walikuta hati zao zimefutika. Ndiyo maana mtu mwenye busara hunakili faili zake kabla ya kusasisha. Sisi hatukuwa tumenakili.

Sasa turudi dukani. Jambo la kwanza nililolifanya ni kutofanya kitu. Nilikaa nikaitazama mashine, na saa ya simu mkononi. Maana kuna kukwama na kuna kwenda polepole, navyo havifanani, ingawa kwa mwenye haraka vyote huonekana kimoja. Asilimia inaweza kukaa pale pale nusu saa au zaidi, hasa katika mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka, na kazi inaendelea kimya kimya. Ukiona taa ya diski inapepesa, au ukisikia feni inavuma, ngoja. Mtu anayezima umeme wakati huo ndiye anayeleta ugonjwa aliodhani anautibu. Mashine yetu haikuwa ya polepole. Nilihesabu mizunguko mitatu, kila mmoja wa dakika nne hivi, na kila mmoja uliishia mahali pale pale. Hapo nikajua kwamba imekwama, na kuizima hakutaongeza madhara.

Nikapiga picha kila maandishi yaliyotokea. Nawasihi sana mfanye hivyo. Maneno ya kompyuta hupita upesi, na baadaye mtu akikuuliza ilisema nini, kusema "iliandika kosa fulani" hakumsaidii.

Kisha nikachomoa kila kitu: printa ya stakabadhi, kipanya, modemu ya intaneti na flashi iliyosahauliwa upande wa nyuma. Vitu vya nje huweza kuizuia Windows isiamke, na pengine mashine hujaribu kuamkia kwenye flashi badala ya diski yake. Haikuponya, lakini tuliondoa shaka moja.

Ndani ya Windows mna chumba kidogo cha ukarabati, kilichotengwa katika sehemu yake ya diski, nacho huweza kufunguka hata Windows yenyewe isipoweza kuamka. Mashine ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, mara ya tatu hukifungua chumba hicho yenyewe. Yetu haikufanya hivyo, labda kwa sababu ilidhani kwamba inaendelea na kazi. Basi nikailazimisha: alama ya Windows ilipotokea nilibonyeza kitufe cha kuwashia nikakishikilia mpaka ikazimika, nikarudia, na mara ya tatu nikaiacha iende. Kioo kikageuka cha buluu, likatokea neno "Troubleshoot", maana yake tafuta na utatue tatizo. Baba mdogo aliyekuwa akinitazama akasema, "Imerudi!" Nikamwambia bado.

Na kweli bado, maana nilipojaribu kuingia ndani zaidi mashine ilidai namba 48.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nieleze polepole. Laptopu nyingi za siku hizi zimefungwa diski yake kwa ufunguo wa siri, kwa programu iitwayo BitLocker, ili mwizi akiiba mashine asiweze kuichomoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine. Mwenyewe hahisi chochote, maana kila siku mlango hujifungua wenyewe anapowasha. Lakini mashine ikiona jambo lisilo la kawaida, au mtu akiingia kupitia chumba cha ukarabati, hudai ufunguo mzima, nao ni tarakimu 48 katika mafungu manane ya tarakimu sita. Hakuna fundi awezaye kuubuni. Kwa kawaida nakala ya ufunguo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeianzisha mashine. Na kama mashine ni ya ofisi, aghalabu huwa kwa wale wanaosimamia kompyuta za ofisi.

Nani aliianzisha mashine yetu? Baba mdogo akafikiri, akashika kichwa. Ni karani wake wa zamani, aliyeacha kazi akarudi kwao Rusizi. Akaunti ilikuwa ya barua pepe ya karani.

Wasomaji wapenzi, fikirini. Madeni ya watu sitini yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo ulioko kwa mtu aliyeondoka, na hakuna aliyejua. Kama waliachana kwa ugomvi, hadithi ingeishia hapo. Bahati njema waliachana vizuri. Baba mdogo akampigia simu, akamsalimu, akauliza hali ya mama yake, akauliza hali ya mashamba, nami nasimama pale nikitetemeka. Ndipo akafikia shida yenyewe. Karani akaingia katika akaunti yake kwenye ukurasa wa Microsoft wa funguo hizo, akakuta funguo mbili za mashine mbili tofauti. Tulilinganisha alama ya utambulisho iliyoonekana kwenye kioo chetu na ile aliyoiona yeye, tukajua upi ni wetu. Akatusomea namba kwa Kifaransa, fungu baada ya fungu, huku nje kondakta anaita abiria wa Musanze kwa sauti ya kupasua masikio. Mara ya kwanza nilikosea fungu la tano. Mara ya pili mlango ukafunguka.

Jambo hili si la Nyabugogo peke yake. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa programu yake ya ulinzi, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows zikaanguka duniani, kwa hesabu ya Microsoft. Ndege zikaahirishwa, hospitali na benki zikapata taabu. Kasoro yenyewe iliondolewa upesi, lakini mashine isiyowaka haiwezi kupokea dawa kwa intaneti. Watu walilazimika kwenda kwenye mashine moja moja, kuingia katika chumba kile kile cha ukarabati, na kufuta faili moja. Na pale diski zilipokuwa zimefungwa, kabla ya yote waliulizwa namba 48.

Tulipokwisha kuingia, kijana wa dukani alitaka nibonyeze mara moja palipoandikwa "Startup Repair", yaani mashine ijitibu yenyewe. Nikakataa. Ufunguo tulikuwa nao, diski ilikuwa wazi, basi kitu cha kwanza ni kutoa faili, ndipo matibabu yafuate. Matibabu yakienda vibaya, tutapoteza mashine tu.

Na faili hutolewaje katika mashine isiyo na Windows? Hili ndilo jambo ninalopenda kuwafundisha kuliko yote. Katika chumba cha ukarabati chagua "Advanced options", kisha "Command Prompt". Litatokea dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika notepad, ubonyeze Enter. Kile kidaftari kidogo cha Windows kitafunguka, nacho hakina maana yoyote kwetu ila kwa kitu kimoja: ukienda kwenye menyu yake ya kufungua faili, unapata dirisha linaloonyesha diski zote. Badilisha aina ya faili iwe faili zote, la sivyo utaona za maandishi matupu tu. Usishtuke ukiona herufi za diski zimebadilika, C ikawa D. Tafuta yenye folda ya Users. Ingia humo, tafuta faili yako, ibofye kwa kitufe cha kulia, inakili, kisha nenda kwenye flashi uibandike. Subiri kidogo kabla ya kuchomoa, maana huenda usione alama yoyote ya kukuambia kwamba kunakili kumekwisha.

Nilichomoa flashi, nikakimbia nayo kwa jirani anayeuza viatu, naye akanifungulia kwenye laptopu yake. Mstari wa mwisho ulikuwa wa jana yake: mama mmoja wa Rubavu, mabeseni kumi na mawili makubwa, nusu amelipa. Niliporudi nikamwonyesha baba mdogo picha niliyoipiga, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakaa hapo bila kusema neno. Ilikuwa saa nne na nusu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi moyoni, ingawa haikuwa fupi. Nikajaribu "Startup Repair". Ikafanya kazi dakika kumi, ikakiri kwamba imeshindwa. Nikaenda palipoandikwa "Uninstall Updates". Hapo pana njia mbili, na ni lazima mtu azijue. Moja inaondoa sasisho la karibuni la ubora, yaani yale marekebisho madogo ya kila mwezi. Nyingine inaondoa sasisho kubwa la toleo, kama lile la kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Yetu ilikuwa hiyo ya pili. Nikaichagua, nikahakikisha chaja imeshika barabara, tukaiacha. Kioo kilikuwa cheusi kwa muda mrefu hata kijana wa dukani akaanza kuomba msamaha upya. Baada ya dakika thelathini na tano hivi ikatokea picha ile ya zamani ya Windows 10, na faili zote mahali pake. Saa sita ilikuwa bado haijafika, nasema hivi kwa kujivuna kidogo.

Baba mdogo alitaka kuanza kuuza papo hapo, na aliuza. Jioni, duka lilipotulia, nilifanya usafi. Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, amri inayotengeneza ghala la faili za Windows kwa msaada wa intaneti. Ilipokwisha nikaandika sfc /scannow, inayolinganisha faili zinazotumika na zile za ghalani na kubadilisha zilizoharibika. Utaratibu ni huo, ghala kwanza. Ukianza na ya pili huku ghala ni bovu, utaweka kibovu mahali pa kibovu.

Kisha nikaandika powercfg /batteryreport. Amri hiyo hutengeneza taarifa ya betri. Betri yetu iliundwa kubeba miliwati-saa zipatazo 41,000. Sasa inabeba kama 6,000. Hiyo ndiyo sababu haikuweza kuivusha mashine usiku ule. Tena diski, ambayo ni ya gigabaiti 128, ilikuwa karibu kujaa kabisa, kwa kuwa mifumo miwili ilikuwa imebanana humo pamoja na filamu nyingi ambazo mwenyewe hakutajwa, lakini kijana wa dukani alizihamisha bila kuambiwa mara mbili.

Yetu haikuwaka kabisa. Lakini wengi wenu, hasa mlioko maofisini, mtakutana na mashine inayowaka vizuri ila inakataa kusasishwa, na kila mara inatoa namba ya kosa. Msizipuuze namba hizo. 0x80070070 maana yake diski imejaa. Futa au hamisha vitu. Zile zinazoanza na 0xC1900101 mara nyingi hutokana na programu ya kuendesha kifaa fulani, kwa mfano kadi ya picha au printa. Chomoa vifaa, sasisha programu zake, ujaribu tena. Ikiwa ni upakuaji ulioharibika njiani, kama inavyotokea kwetu intaneti inapokatika-katika, futa ulichopakua ili mashine ianze upya. Simamisha huduma mbili kwa net stop wuauserv na net stop bits, badilisha jina la folda ya SoftwareDistribution iliyomo ndani ya folda ya Windows, kisha ziwashe kwa net start. Windows itajitengenezea folda nyingine.

Pengine namba yenyewe haisemi wazi. Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441, na mashine nyingi zikalikataa kwa kosa 0x80070643, ambalo kwa maneno yake lilionyesha tu kwamba usakinishaji umeshindwa. Sababu halisi ilikuwa kile chumba cha ukarabati nilichowaeleza: katika mashine hizo sehemu yake ya diski ilikuwa ndogo mno, na sasisho lilihitaji nafasi tupu ya megabaiti 250 humo. Aliyerudia kubonyeza tu alishindwa tena na tena. Na kama laptopu si yako bali ni ya ofisi, usiyafanye haya ya amri kabla hujawaambia wanaohusika, maana huenda sasisho limezuiwa na wao wenyewe kwa sababu wanayoijua.

Mtauliza kama tulibaki na Windows 10. Hapana. Mfumo usiopokea tena marekebisho ya usalama si mahali pa kuwekea mali ya mtu. Jumapili tarehe 4 Januari 2026, duka likiwa limefungwa, tulirudia safari ile ile. Betri mpya ilikuwa imekwisha kutiwa, Cash Power imenunuliwa ya wiki nzima, gigabaiti arobaini za diski ziko tupu, printa imechomolewa, na faili ya madeni iko katika flashi mbili, moja nyumbani na moja dukani. Nilikaa kando ya mashine na kitabu cha fizikia, nikasoma kurasa nyingi kuliko nilivyokusudia. Ilimaliza kwa saa moja na nusu bila neno.

Siku iliyofuata fundi wa ujia wa pili alikuja, akanivuta pembeni, akauliza, "Mdogo wangu, ile ya notepad unaifanyaje?" Nikamwonyesha. Baba mdogo alimtumia karani wa Rusizi pesa za soda kwa simu, na akaunti ya mashine sasa ni ya jina lake mwenyewe. Namba mpya za ufunguo ameziandika kwa kalamu ya wino nyuma ya daftari la shule nililomwachia, na daftari hilo halikai dukani.